Masikio ya Mjukuu

Mama yangu alitokwa damu kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla sijajua, na wakati wote huo nilikuwa naenda kwake Idete kila baada ya wiki mbili. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa naishi ng'ambo. Nilikuwa hapa hapa Lipangalala. Nilimpelekea sukari, sabuni na dawa zake za presha, tukaketi kibarazani kwake tukichagua mchele na kuongea habari za majirani. Niliona kwamba hakai tena kwenye kigoda cha mtu mwingine, kwamba kila aendako anabeba kipande cha gunia kilichokunjwa na kukikalia. Nikadhani ni mambo ya uzee. Nikamtania hata, nikamwambia siku hizi ana kiti chake kama mheshimiwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha sayansi kwa karibu miaka thelathini, na mfumo wa uzazi wa mwanamke nimeuchora ubaoni mara nyingi kiasi kwamba naweza kuuchora nikiwa nimefumba macho. Watoto wa watu walikuwa wanacheka na kuficha nyuso kwenye madaftari, nami nawatuliza kwa kugonga rula mezani. Kwa hiyo sina kisingizio cha kutojua. Mwanamke wa miaka sabini na kitu kutokwa damu ni jambo ambalo ningelijibu hata kwenye mtihani.

Ila kwetu, mama na binti hawaongei mambo hayo. Sijui kama nitaeleweka na vijana. Si kwamba yalikuwa mambo ya aibu kwa kila mtu. Wanawake wa rika la mama waliyaongea sana, tena kwa kicheko, wakiwa mtoni au kwenye kupalilia. Lakini mama kumwambia binti yake, au binti kumwambia mama yake, hiyo ilikuwa ni kuvuana nguo. Kazi hiyo alipewa bibi. Bibi na mjukuu ni watani, wanaitana mke mwenzangu, wanagombania babu, na ndani ya huo utani ndimo yanamopita mambo yote mazito. Bibi humwambia mjukuu, na mjukuu akishakuwa mtu mzima, bibi naye huwa na mtu wa kumwambia yake. Mama hukaa pembeni na kujifanya hamnazo.

Nilipovunja ungo niliwekwa ndani kwa bibi yangu mzaa mama, kwenye chumba cha nyuma kilichonuka moshi na mafuta ya nyonyo. Nilikaa wiki sita. Nilipakwa mafuta, nikalishwa kuku kama mgeni, nikafundishwa usafi, kuamkia watu, kukaa na watu, na namna mwili wa mwanamke unavyokwenda tangu ujana hadi uzee. Bibi alinieleza bila kupunguza sauti. Jambo moja alilirudia kila siku, kwamba ukiumwa huko chini usinyamaze, mwili hauna adabu ya kusubiri. Mama yangu alikuwa analeta chakula hadi mlangoni, anagonga, anaondoka. Tulipoonana baada ya wiki sita alinitazama kidogo tu akasema nimenenepa.

Kisha nikapelekwa shule ya bweni ya masista. Huko nilijifunza mambo mengi mazuri, nisiwe mwizi wa fadhila. Lakini pia nilijifunza kumuonea haya bibi yangu. Wasichana wa mjini waliposikia kwamba nimewahi kuwekwa ndani walicheka hadi wakashika matumbo, na sista mmoja mpole kabisa akaniambia nimwombe Mungu anisaidie kusahau. Nilimwomba, na nadhani alinisaidia kupita kiasi. Niliolewa, nikazaa, nikaishi na mume wangu miaka kumi na minane hadi alipofariki, na sikuwahi kumwambia hata mara moja nini kinanipendeza na nini kinaniumiza. Naye maskini hakuuliza. Tulikuwa watu wa heshima sana.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alivunja ungo akiwa na miaka kumi na mitatu, wakati wa likizo, akiwa kwa mama yangu Idete. Mama alinipigia simu kwa furaha. Alikuwa ameshapiga udongo chumba cha nyuma, ameshamtenga kuku, na amewaita wanawake wawili wa kumsaidia. Hakudai wiki sita, aliniambia; anajua watoto wa siku hizi wana shule, angemkalisha siku kumi tu. Nilikwenda Idete siku hiyo hiyo na kumkuta mtoto amekaa kwenye mkeka, bibi yake anamsuka, wote wawili wanacheka. Nilimwambia mtoto akusanye nguo zake.

Mama alinifuata nje, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilimwambia maneno ambayo nimeshayarudia kichwani mara nyingi, kwa hiyo nayakumbuka vizuri.

"Mwanangu hawekwi ndani, mama. Na hayo mambo yenu usimwambie, si leo wala si siku nyingine. Nitaongea naye mwenyewe."

"Wewe?" akasema mama. "Wewe ni mama yake."

"Mimi ni mwalimu."

Alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata majibu nilikuwa nayo tayari, lakini hakugomba. Alisema mtoto ni wangu, na kwamba kama nimemkataza basi amekatazika. Akaingia ndani, akamfungulia kuku yule. Tukiwa njiani kurudi nilijisikia mshindi.

Mama alikuwa mtu wa neno lake. Tangu siku ile hakumwita tena binti yangu mke mwenzangu. Alimwita mjukuu, kwa heshima, alimpikia na kumnunulia vitenge, akamuuliza habari za shule, lakini ule utani uliisha kabisa. Mtoto alikuwa ananiuliza kwa nini bibi amekuwa kama amenuna. Nilimjibu kwamba bibi anazeeka.

Na hayo mazungumzo yangu niliyoyaahidi? Niliandaa somo. Naona aibu kuandika lakini ni kweli, niliandika andalio la somo, utangulizi, hatua na hitimisho, nikamkalisha mtoto sebuleni Jumapili moja baada ya misa. Nikaanza. Ulimi ukawa mzito kama umefungwa jiwe. Darasani nilikuwa na wanafunzi sabini na maneno yalitiririka, lakini mbele ya yule mmoja wa kwangu niliishia kusema ajitunze. Nadhani nilisema ajitunze mara sita. Akaniitikia, "Ndiyo mama," akaomba kwenda kucheza. Tangu hapo kila mwezi nilimwekea pakiti ya pedi kitandani, nimeizungushia gazeti, na hatukuzungumzia hata hilo gazeti.

Alijifunza kwingine. Alijifunza kwa wenzake na kwenye simu, na baadaye, kwa bahati yangu, alisoma uuguzi. Alipomaliza akapata kazi kwenye zahanati moja upande wa Mngeta, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimemlea mtu nisiyemjua. Anaongea mambo ya kitandani kama mtu anayeongea habari za malaria. Anawasimamisha wanawake wenye umri wangu chini ya paa la zahanati na kuwauliza waziwazi, na cha ajabu wanamjibu. Wakati fulani nilikuwa nampima mkono kwa ajili ya gauni la harusi ya rafiki yake, nikapapasa chini ya ngozi kitu kama njiti ya kiberiti. Akaona nimeacha kupima.

"Ni kijiti, mama. Cha uzazi wa mpango."

Hajaolewa. Nilikunja futi ya fundi, kisha nikamwambia mikono ya gauni itabidi iwe mirefu. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Alikuwa amenipa nafasi ya kumuuliza chochote nami nikaongea habari za kitambaa.

Sasa nirudi kwa mama. Ulikuwa msimu wa kuvuna mpunga, na yeye kama kila mwaka alikuwa amehamia shambani, bondeni, kwenye dungu lake. Kwa wasiojua, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye ngazi ya miti, watu wa bonde letu hulala humo msimu mzima kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Tulikuwa tumemwambia aache, tungeweka kibarua. Alikataa katakata. Mwaka ule ukali wake wa kukataa ulinishangaza. Baadaye nilielewa kwamba shambani peke yake ndipo alipoweza kufua vitambaa vyake bila kuonwa na mtu.

Binti yangu alikuwa likizo, tukaenda naye kumsaidia kuvuna. Tulimkuta amekaa juu ya lile gunia lake, amekonda, macho yamemzama. Aliitikia shikamoo zetu kwa sauti ndogo. Binti yangu alipanda ngazi kuweka mizigo, na alipotoka mlangoni mwa dungu uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameona kamba ndani, na vitambaa vilivyoanikwa gizani. Mimi nilikuwa chini nafungua pochi nimtolee mama vidonge vyake vya presha.

Alishuka, akachuchumaa mbele ya bibi yake, akamshika magoti.

"Bibi, damu inatoka tangu lini?"

 Mama alinyanyua uso akaniangalia mimi, si kwa hasira, ila kama mtu anayesubiri ruhusa ya kuvuka barabara.

"Muulize mama yako," akamwambia, "kama sasa naruhusiwa kukwambia."

Nilikuwa nimeshika vidonge. Nakumbuka jua lilikuwa kali na kwamba mbali kidogo watu walikuwa wanapiga mpunga, naisikia ile mipigo. Binti yangu aligeuka kunitazama, hakuelewa. Hakuwahi kujua nilichosema kule kwenye migomba. Alidhani miaka yote ile bibi yake amemchoka.

Nikasema, "Mwambie, mama."

"Basi wewe tupishe kidogo."

Nikatembea. Nilifuata tuta hadi nilipoona wamekuwa wadogo, nikasimama katikati ya mpunga wa watu kama sanamu ya kutisha ndege. Niliwaona wameinamiana vichwa. Niliona mkono wa mama ukionyesha huku na kule, ukieleza, haraka haraka, kama mtu aliyejaa maneno kwa muda mrefu. Walikaa hivyo kwa muda mrefu. Siwezi kueleza nilivyoumia, maana sikuumia kwa ugonjwa, nilikuwa bado sijaujua. Niliumia kwa wivu. Nilimuonea wivu mtoto wangu mwenyewe.

Tulimpeleka hospitali kesho yake. Daktari alikuwa kijana mstaarabu, alituita mimi na binti yangu, akaeleza kwamba ni saratani ya mlango wa kizazi na kwamba imeshasambaa. Alisema angeletwa mwaka mmoja nyuma wangekuwa na la kufanya. Hakusema kwa kulaumu. Alitutajia habari za kwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi, mama akauliza kama yatamponya, daktari akasema yatampunguzia tu, mama akasema basi anarudi nyumbani. Tulikubaliana nyumbani kwangu Lipangalala.

Usiku huo huo, kabla hatujalala, nilimwambia binti yangu kila kitu, kuhusu chumba cha nyuma, kuku na migomba. Sikumwomba msamaha kwa sababu sikujua niuanzie wapi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo bibi alikuwa na mtu wa kumwambia," akasema, "ila ulimfungia mlango."

Hakurudia tena maneno hayo. Asubuhi aliandika barua ya kuomba likizo bila malipo.

Miezi minne aliyoishi baada ya hapo, mama aliogeshwa na mjukuu wake. Mimi sikuruhusiwa hata kusogeza pazia. Nilijaribu mara moja, nikashika pindo, na mama akiwa hoi kitandani aliita jina langu kwa sauti ile ya zamani iliyokuwa inanirudisha kutoka barabarani nikiwa mtoto. Nikaachia pazia. Kazi yangu ikawa kuchemsha maji na kuyapoza yawe ya kiasi, kufua, na kupika uji. Nilizifanya kazi hizo kwa bidii ya mtu anayelipa, ingawa hakuna aliyenidai.

Kutoka jikoni niliwasikia. Mama alikuwa ameanza upya, pale alipoishia siku ile ya kusuka nywele kwenye mkeka. Alimfundisha binti yangu mambo yote ambayo angemfundisha kwa siku kumi, akimwita tena mke mwenzangu, na binti yangu, muuguzi mwenye cheti, aliyejua zaidi ya nusu ya hayo na mengine aliyajua kuliko bibi, alikuwa anauliza maswali kama mwali hasa. Walikuwa wanacheka. Katikati ya maumivu yale walikuwa wanacheka hadi mama anakohoa. Nilimsikia akimwambia kwamba mwanamke akiwa na mwanamume wake anapaswa kufurahi naye, asiwe kama mtu anayengoja mvua ipite. Nilikuwa nimeshika sufuria. Nilifikiria miaka yangu kumi na minane ya heshima, nikakaa chini kwenye sakafu ya jiko.

Na walibishana pia, nisifanye kama kila kitu kilikuwa asali. Mama hakukipenda kijiti. Alisema mwanamke anayezuia watoto kabla hata hajapata mmoja anacheza na Mungu. Binti yangu alimjibu kwamba amewaona wengi zahanati waliozaa wakiwa bado watoto, wengine waliwekwa ndani na wengine hawakuwekwa, na kwamba kuambiwa mambo bila kupewa nafasi ya kuchagua ni nusu ya kazi.  Mama akamwambia amgeuze upande wa pili, mgongo unawaka.

Kwangu mimi hakusema neno la lawama hata moja. Nilikuwa nalisubiri. Kuna siku nilitamani anitukane ili tumalize. Aliniambia mambo ya kawaida tu, nisisahau kuwalipa wavunaji, nimpe jirani jembe lake. Siku moja kabla hajafa aliniambia maji ya leo yalikuwa mazuri. Nimelishikilia neno hilo.

Tulimzika Idete. Nilidhani nimeshalia vya kutosha, na mazishini macho yangu yalikuwa makavu hadi watu wakaanza kunitazama. Tulipomaliza matanga na ndugu wakatawanyika, tulibaki mimi na binti yangu kupanga vitu vya marehemu. Siku ya mwisho kabla hajarudi kazini tulikuwa tumekaa kibarazani asubuhi, tunachagua mchele wa kupika mchana, yeye na ungo wake na mimi na wangu.

Akasema, bila kunitazama, "Bibi alikuwa nami, hata kama ni kwa kuchelewa. Wewe huna mjukuu, mama. Ukiumwa huko utamwambia nani?"

Nikamwambia mimi ni mzima. Akasema hajauliza kama ni mzima. Akaendelea kuchagua mchele. Nilitaka kunyanyuka, nilikuwa hata nimeshaweka ungo chini, na sijui nini kilinirudisha. Nilimwomba ageuke. Hakuelewa, ikabidi nimweleze kwamba ageuze kigoda, atazame migomba, anipe mgongo. Akageuka. Na mimi nikiwa natazama fundo la kilemba chake nikamwambia hedhi yangu ilikoma miaka minne iliyopita, na kwamba wakati tunamuuguza bibi nilitokwa damu siku mbili, kidogo, nikaifuta na kunyamaza.

Hakugeuka. Aliniuliza maswali mawili, nikamjibu yote mawili. Akasema Jumatatu tutaenda hospitali pamoja. Tulikwenda, nikapimwa, nikakutwa salama, na namshukuru Mungu. Lakini pale kibarazani nilianza kulia, kilio ambacho hakikutoka mazishini, na binti yangu akadhani ni hofu ya ugonjwa. Haikuwa hofu. Yale maneno yote, niliyoyakimbia tangu nikiwa msichana, yalikuwa yameisha kabla hatujamaliza kuchagua mchele wa sahani moja. Mama aliketi hapo hapo kibarazani pamoja nami, juu ya gunia lake, kwa zaidi ya mwaka mzima, na mimi sikuwahi hata kumpa mgongo ili aweze kusema.